Kichupa Namba Kumi na Tisa

Jumapili, 2 Machi

Wiki saba! Zimetimia jana. Wiki saba mimi ni mke wa mtu, na bado nikisikia "mke wako" nageuka kuangalia anayeitwa ni nani.

Nimekaa kwenye meza ya jikoni, dirisha liko wazi, naona banda lote. Yeye yuko kule anaosha sakafu. Amevua shati. Basi, hilo siliandiki zaidi — lakini amevua shati! Akiniona namtazama anagonga ndoo mara mbili. Ko-ko. Hiyo ndiyo lugha yetu. Mara moja maana yake njoo unisaidie. Mara mbili maana yake hakuna kazi yoyote, nimekukumbuka tu. Kutoka bandani mpaka hapa ni hatua thelathini. Amenikumbuka kwa hatua thelathini!

Bado ananiita Bibi Harusi. Juzi mama mkwe alimwuliza huyo bibi harusi ataisha lini, maana keki ilishaliwa zamani. Akajibu kwamba hataisha. Nilitamani kuingia ndani ya sufuria nijifunike, kwa aibu na kwa raha.

Na Kidoti wangu! Kidoti alifika hapa siku moja na mimi, pikapu ileile, amebanwa kati ya godoro na masufuria, akilamba kioo cha nyuma njia nzima. Baba alisema binti yake hatoki nyumbani mikono mitupu. Mimi ndiye niliyemnywesha kwa chupa tangu akiwa na siku mbili, mama yake alipokufa — yule ng'ombe baba alimnunua mnadani na mimba changa, akatufikia anaharisha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, sina la kufanya. Nikawa mama wa ndama. Sasa ana mwaka mzima na umbo lake ni la miezi sita. Mume wangu anamwita mtamba wa mfukoni. Manyoya yake hayalali hata ukiyapiga brashi, na pua haikauki. Lakini ana mapenzi! Analamba kila mtu. Analamba ng'ombe wote mmoja mmoja, kama mtu aliyetoka safari anasalimia ukoo. Ili asijisikie mgeni namhamisha-hamisha: leo kwa wakubwa, kesho kwa ndama wenzake, keshokutwa kule kwa wenye mimba.

Jambo moja tu halikuwa zuri wiki hii. Ng'ombe wawili wametupa mimba. Mmoja Jumatano, mwingine jana. Mama mkwe alifunika ile ya jana kwa gunia, akakaa juu ya ndoo. Mume wangu amempigia simu daktari wa mifugo.

Amegonga tena. Mara mbili! Naenda.

Jumanne, 4 Machi

Daktari amekuja. Mrefu, mwembamba, anazungumza polepole kama anayesomea watoto imla. Aliuliza kila kitu. Maji yanatoka wapi. Nani anaingia, nani anatoka. Kuna ng'ombe mgeni? Mume wangu akasema hakuna, ila huyu mtamba wa mke wangu, naye hajaumwa hata siku moja. Alisema kwa kujivuna. Mke wangu!

Mama mkwe akauliza, sasa mgonjwa ni yupi.

"Mama, mimi sitafuti mgonjwa," daktari akamwambia. "Mgonjwa huwa anapona. Natafuta anayebeba."

Naandika nilivyoelewa. Ni kirusi. Kikimwingia ng'ombe mzima, anapata homa, anaharisha kidogo, baada ya siku chache amepona na hakimrudii. Lakini akiwa na mimba, kinashuka tumboni. Mimba nyingine zinatoka. Nyingine zinafika mwisho, ndama anazaliwa na kasoro. Na kuna wa aina ya tatu, ndiye mbaya: kirusi kimemkuta tumboni mapema sana, mwili wake haujajifunza bado kutofautisha kilicho chake na cha mgeni. Basi mwili unakihesabu kirusi kuwa mtu wa nyumbani. Haukifukuzi. Anazaliwa nacho, anakua nacho, anakitoa kila siku ya maisha yake, kwenye mate, kwenye makamasi, kwenye mavi. Hana dawa. Hana siku ya kupona.

Mume wangu aliuliza wa namna hiyo anaonekanaje. Daktari akasema mara nyingine ananawiri kuliko wote. Mara nyingine amedumaa, manyoya yamesimama, pua inavuja.

Sikumtazama Kidoti. Nilitazama kalamu ya daktari.

Na akipatikana? Anachinjwa, daktari alisema. Huyo mmoja akiondoka, wengine wakachanjwa, na kila atakayezaliwa akapimwa, mmemaliza kazi. Akibaki, mtachanja na kuosha banda mpaka mikono ichubuke na bado mimba zitatoka.

Mama mkwe akasema, "Basi apatikane." Akainuka kwenda kumwangalia Malkia. Malkia ni ng'ombe wake mwenyewe, mweusi, mkubwa kama kabati, ana mimba ya kuzaa mwezi wa sita. Kila asubuhi anampapasa tumbo kabla hata hajanywa chai.

Kisha daktari akaliona daftari la mifugo, lile la bluu. Mama mkwe alinikabidhi wiki ya pili tu ya ndoa, akasema kidato cha nne kisikae bure. Daktari akausifu mwandiko wangu. Akasema Alhamisi atanipa kazi.

Siku nyingine ningeruka kwa furaha.

Alhamisi, 6 Machi

Tumekata masikio leo. Kumi na tisa. Kichwa kinauma. Mume wangu ameniletea chai mpaka kitandani, na biskuti mbili kwenye kisahani, na mimi sikustahili hata kisahani.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike. Hakuna anayelisoma daftari hili. Mume wangu huwa ananitania, anaita "hilo la maua, la siri kuu," lakini aliapa hatalifungua mpaka nimpe mwenyewe. Najua hatalifungua. Ndivyo alivyo.

Kuna koleo dogo. Linauma ncha ya sikio na kutoa kipande kama punje ya mahindi. Kipande kinaingia kwenye kichupa, kichupa kinaandikwa namba ileile ya hereni ya ng'ombe, kinakwenda maabara. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba. Daktari anakata, mume wangu anasukuma, mkamuaji anashika vichwa. Mkamuaji ni mzee mmoja tunamwita Mzee Buti, kwa sababu hata sherehe ya harusi yetu alikuja na gumbuti. Kila anayemshika anamsalimia: mke wangu mkubwa, mke wangu wa pili, mke wangu mwenye hasira. Alinichekesha. Nilikuwa nacheka, naandika. Mpaka kumi na sita.

Hapo Malkia, aliyekuwa ameshamaliza na kufungwa pembeni, akapiga teke ubao wa uzio ukavunjika. Akatoka. Ng'ombe wa mama mkwe, mwenye mimba, anakimbilia barabarani! Wote wakamfuata. Daktari akanigeukia akaniambia nimeshaona inavyofanyika, wamebaki wadogo watatu na wamefungwa, nimalizie. Akaniachia koleo mkononi. Aliniamini kwa sababu ya mwandiko.

Kumi na saba, Mtundu, yule ndama dume asiyetulia. Nikakata. Kumi na nane. Nikakata. Kumi na tisa ni Kidoti.

Nilimkata. Hakulia. Alilamba koleo.

Kipande kilikuwa kwenye kiganja changu, cha moto. Nikakitazama. Halafu nikakidondosha kwenye mfereji, nikakikanyaga kwa kisigino, nikarudi kwa Mtundu nikakata sikio lake la pili. Nikakitia kwenye kichupa. Nikaandika 19. Mwandiko mzuri. Tisa yenye mkia.

Waliporudi na Malkia nilikuwa nanawa. Kuhusu Mtundu nikasema amejikwaruza kwenye waya. Mume wangu akasema huyo angejikwaruza hata kwenye hewa.

Kwa nini? Nampenda Kidoti, ndiyo. Lakini nisijidanganye hata humu. Si hilo tu. Kama ni Kidoti, basi ni mimi. Nimeuleta ugonjwa mimi, kwenye pikapu, kati ya godoro na masufuria. Ningemtazamaje mama mkwe? Ningeitwa tena Bibi Harusi?

Na labda si Kidoti. Labda ni mwingine yeyote kati ya wale kumi na wanane na majibu yatasema. Mungu wangu, awe mwingine.

Jumatano, 19 Machi

Meseji ya daktari, saa nne asubuhi: wote kumi na tisa hawana.

Wote! Mume wangu alinibeba juu juu kutoka bandani mpaka jikoni, hatua thelathini zote, na gumbuti zake za mavi, akaniambia mimi ni mguu wa heri. Nilicheka. Nilijisikia nikicheka.

Baadaye daktari akapiga simu. Mume wangu aliweka sauti ya nje ili na mama yake asikie. Daktari anashangaa. Mimba mbili, na hakuna mbebaji? Akasema huenda kirusi kiliingia kutoka nje na kupita. Tuangalie nani anaingia bandani akitoka kwa ng'ombe wengine. Viatu, kamba, ndoo. Hakumtaja mtu.

Mama mkwe naye hakumtaja mtu. Aliangalia tu nje, mahali Mzee Buti alipokuwa anaosha vyombo vya maziwa. Asubuhi anakamua kwetu, mchana anakwenda kukamua kwenye banda kubwa la barabarani. Gumbuti zilezile.

Nilikuwa na sekunde kama kumi za kusema. Nilizihesabu. Zikapita, nikawauliza nani anataka chai.

Jumamosi, 22 Machi

Mzee Buti ameondoka. Miaka kumi na minne hapa. Alikuwepo mume wangu akiwa bado anavaa kaptura.

Mume wangu alimwambia kwa heshima, kwa "mzee wangu" nyingi. Kwamba ni kwa muda. Kwamba ni ushauri wa daktari — si kweli, daktari hakushauri hivyo. Mzee alisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda chake cha kukamulia. Kisha akainuka, akapita kwa ng'ombe mmoja mmoja akiwaaga. Wake zangu, mmepata mume kijana. Hakuna aliyecheka.

Alivua gumbuti getini. Akazisugua kwa sabuni, ndani na nje, akazitundika juu chini kwenye nguzo za geti. Akavaa kandambili. Nilikuwa nimempelekea mfuko wa nguo zake alizokuwa ameanika.

"Bibi harusi, waambie nimeziosha," alisema. "Kama ugonjwa uko kwenye buti, haya, nimewaachia. Waufuge."

Halafu akanishukuru kwa kumkunjia nguo.

Mume wangu jioni hakugonga ndoo. Alikaa kwenye ngazi na kichwa kati ya magoti. Nikamshika shingo. Akasema yule mzee ndiye aliyemfundisha kukamua. Mimi nikasema usijali, mpenzi. Ndivyo nilivyosema! Usijali!

Jumatatu, 14 Aprili

Sasa tunakamua mimi na mume wangu. Kwa kweli — niandike ukweli wote, hata mzuri — nimefurahi mno asubuhi hizi. Mabega yetu yanagusana. Ananipulizia sikio nikiwa nimeshika kiwele, siwezi kumpiga. Alisema anapenda mikono yangu inavyonuka maziwa. Halafu nageuka naona nguzo za geti na zile gumbuti mbili zimetundikwa juu chini, na mikono inakuwa mizito.

Kidoti nimemtenga. Peke yangu nimeamua. Nimemfunga nyuma ya jikoni, ndoo yake, majani yake, namfuta pua kwa kitambaa na kukichoma. Nanawa mpaka viwiko kabla ya kurudi bandani. Mume wangu anadhani namdekeza. Anasema mtamba wa mfukoni amepata chumba cha wageni. Nacheka. Najua ninachofanya: nafanya kazi ya daktari kwa siri, nusu nusu, baada ya kuiharibu kazi ya daktari hadharani.

Leo jirani yetu amerudisha ng'ombe wake wanne. Yeye ni mwalimu mstaafu, mpole, wote tunamwita Mwalimu. Miezi mitatu walikuwa malishoni mbali. Hori la maji liko kwenye uzio, nusu letu nusu lake. Nilimwambia mume wangu labda tungoje kidogo kabla hawajachanganyika. Akashangaa. Tungoje nini, sisi ni safi, tuna karatasi.

Saa kumi Kidoti alikata kamba. Nilimkuta horini. Kichwa kiko upande wa pili wa uzio, anawalamba wale wanne, mmoja baada ya mwingine, pua, midomo, macho. Nao wamefumba macho kwa utamu.

Nilimvuta. Mwalimu alikuwa anatutazama kutoka kibarazani kwake, anatabasamu. Akasema huyo mtoto wako ana adabu.

Alhamisi, 15 Mei

Ng'ombe wa Mwalimu ametupa mimba.

Alikuja mwenyewe, amejifunga khanga kiunoni, mikono bado imelowa. Ndiye yule mwekundu, mimba yake ya kwanza. Alikaa jikoni kwangu, kwenye kiti ninachokalia sasa. Akasema, "Mwanangu, nyinyi mlipimwa mkaonekana wazima. Mnajua mlivyofanya. Nifundishe."

Mwalimu ananiomba mimi nimfundishe.

Nikamwambia ampigie daktari. Nikamwandikia namba kwenye kikaratasi. Akausifu mwandiko wangu.

Siwezi kula leo. Mume wangu anadhani ni habari njema, ananitazama kwa pembe ya jicho na kutabasamu, amenikataza kubeba ndoo. Hata hilo sikumkatalia.

Jumanne, 3 Juni

Malkia amezaa. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, sote watatu tulikuwepo. Mama mkwe alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani kwa ajili ya siku hii. Alisema Malkia ana haya, hazai mbele ya mtu aliyevaa ovyo. Alizaa vizuri. Ndama jike, mweusi, mzima, mwenye uzito. Mume wangu alinigongea ubavuni kwa furaha. Mama mkwe akamfuta kwa nyasi, akamwita majina yote matamu.

Halafu ndama akajaribu kusimama.

Miguu ilikwenda kila upande. Kichwa kinatetemeka, kidogo kidogo, kama mtu anayekataa. Tukasema ni uchanga. Tukangoja. Akasimama kwa kushikiliwa, akaenda moja kwa moja, akagonga ukuta. Akarudi nyuma, akaenda tena, akagonga palepale. Mama mkwe alipitisha kiganja mbele ya macho yake. Mara mbili, mara tatu. Macho ni mazuri, makubwa, ya bluu-bluu. Hayakufuata kitu.

Hakulia mama mkwe. Alikaa chini kwenye mavi na kile kitambaa kipya, akaweka kichwa cha ndama kwenye paja lake ili kisitetemeke.

Mume wangu alimpigia daktari. Nilikuwa karibu, nilisikia sauti nyembamba ya simu. Kwamba huyu aliumia tumboni, mwezi wa kwanza au wa pili mwaka huu. Kwamba hicho si kitu cha kupita njia. Kuna anayekaa nacho, yumo humohumo, na maabara au yeye daktari kuna mahali walikosea. Anakuja Alhamisi na vichupa vipya. Atakata mwenyewe wote. Na wale wanne wa Mwalimu pia.

Anaamini amekosea yeye.

Nimekaa na kuhesabu kwa vidole. Ndama wa Malkia aliumia kabla ya uongo wangu. Mwezi wa kwanza, Kidoti alipokuwa analala naye ubavu kwa ubavu, mimi nikiwapiga picha kwa simu. Hilo sikulijua. Hilo naweza kujisamehe, labda, siku moja. Lakini Mzee Buti yuko baada ya uongo. Ng'ombe mwekundu wa Mwalimu yuko baada ya uongo. Hao ni wangu.

Na wale wengine watatu hapa wenye mimba? Hao sijui ni wa upande gani.

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi mama mkwe alikuwa anawatoa ndama kupe. Mimi nilikuwa napasha maziwa ya kipofu. Akamshika Mtundu — amekuwa mkubwa sasa, ana pembe za kuchomoza — akamgeuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto. Akaniita.

Akaniuliza Mtundu alikatwa sikio gani. Nikasema la kushoto. Na la kulia? Nikasema waya. Tulisema waya, siku ile.

Akapitisha kidole gumba kwenye lile pengo la kulia. Polepole. Halafu kwenye la kushoto. Ni sawa kabisa yale mapengo, ya mviringo, kama yamepimwa.

"Waya gani huu," akasema, "unakata mwezi?"

Maziwa yalikuwa yanafurika, nilisikia yakimwagika kwenye moto, sikwenda. Tulitazamana. Ana macho kama ya mume wangu. Nilikuwa sijawahi kuyaona hivyo, kwa karibu.

Nilidhani ataniita jina baya. Nilidhani ataita mwanawe. Alimwachia Mtundu akakimbia. Akanawa mikono kwenye ndoo, akachukua ile chupa ya kunyweshea, akanipa.

"Mnyweshe huyu asiyeona," alisema. "Wewe unajua kunywesha." Akajifuta kwa upindo wa nguo. "Daktari anafika kesho saa tatu. Mpaka saa tatu, mimi sijaona kitu."

Akaingia ndani. Ameniachia mlango wazi kidogo. Sijui kama kwa kuniangalia au kwa kuniachia nafasi.

Nimemnywesha. Anatafuta chuchu ya chupa kwa pua, kichwa kinakataa kataa, halafu anaipata na mwili wote unatulia. Vilevile alivyokuwa Kidoti. Vilevile.

Jioni mume wangu amenisuka. Amejifundisha mwenyewe, mistari imepinda kama njia ya sisimizi. Akaniuliza mbona shingo imekaza. Nikafungua mdomo. Akaanza kuimba ule wimbo wake usio na maneno. Nikaufunga.

Alhamisi, 5 Juni

Saa mbili na nusu.

Sikusema asubuhi. Tulikamua pamoja. Nilipanga kusema kwenye ng'ombe wa kwanza, halafu wa pili, halafu nikiwa nabeba maziwa. Alikuwa anapanga atakavyomtafuta Mzee Buti kama leo itaonekana ugonjwa umo humuhumu. Atakwenda kwa miguu, alisema, na gumbuti mkononi, na kuomba msamaha mbele ya watu. Alisema aibu hiyo ni yake, aibebe mwenyewe.

Si yake!

Nimemfungua Kidoti. Amesimama hapa dirishani, kichwa ndani, analamba ukingo wa meza. Nimemwacha. Ukurasa huu umelowa kwenye kona kwa sababu yake. Nimempiga brashi. Manyoya hayajalala.

Pikipiki ya daktari iko getini. Naiona kati ya zile gumbuti mbili. Mama mkwe ametoka kumfungulia, amevaa kile kitambaa kipya, amekifua. Hakutazama huku. Mwalimu naye anakuja kwa upande wa uzio, anatembea polepole.

Mume wangu ameuliza kwa sauti daftari liko wapi. Nimesema nalileta. La bluu liko hapa kulia. Hili la maua liko chini ya mkono wangu. Aliapa hatalifungua mpaka nimpe mwenyewe. Ukurasa wa tarehe saba Machi nimeukunja pembe. Kwa mdomo nitaanza na mapenzi, najijua, nitazunguka, nitalia, atanikumbatia kabla sijafika kwenye sikio. Humu sikio limeandikwa.

Naandika nini tena. Simama, wewe.

Yuko pale katikati ya banda, ana koleo mkono mmoja, ndoo mkono mwingine, jua linampiga usoni, anatafuta dirisha hili. Jinsi nilivyompenda mtu huyu. Ninavyompenda! Kwa nini nimeandika nilivyo—

Amegonga ndoo. Mara moja. Njoo unisaidie.

Nimechukua madaftari yote mawili. Nimekwisha simama, naandika nimeinama.

Imegongwa tena. Sijui hiyo ndiyo ya pili, au ni mara moja nyingine